Mahubiri Yasiyo na Mimbari

Sisi watu wa pwani tumeizoea mihadhara ya uwanjani: mhubiri wa Kikristo na Biblia yake, mhadhiri wetu akimjibu aya kwa aya. Magharibi ikiingia, kila mtu hurudi kwao na lake.

Lakini ukipita Garissa ukapanda hadi Wajir, wazee watakusimulia mahubiri ya namna nyingine. Annalena Tonelli, Mkatoliki kutoka Italia, tangu mwaka 1976 aliwatibu wafugaji waliougua kifua kikuu. Walijenga vibanda vyao karibu naye, wakimeza dawa mbele ya macho yake mpaka wapone. Hakumwita mtu kanisani. Februari 1984, majeshi ya serikali yalipowaua Wadegodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, alikwenda kuokota majeruhi na maiti, kisha akapaza sauti. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya. Mwaka 2003 aliuawa Borama, katika hospitali aliyoianzisha.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Waliouawa Wagalla walikuwa Waislamu wenzetu. Ndugu zangu, kabla hatujamshinda mhubiri kwa hoja, tujiulize: siku ile sisi tulikuwa wapi?