LESENI YA DAKTARI NI NGAO YA MGONJWA, SI KAMBA YA MWAJIRI



Wako watu wanaotuuliza: mambo ya leseni za madaktari yanawahusu nini ninyi wapishi, makarani, madereva na wafagiaji? Twawajibu kwamba yanatuhusu mara mbili. Tukiugua sisi hatuna nauli ya kwenda kutibiwa Uhindi. Twatibiwa na daktari yule aliye zamu katika hospitali ya serikali. Tena, yale anayotendewa daktari leo na mwajiri wake, kesho tutatendewa sisi.

Kwanza ieleweke wazi kwamba hatupingi leseni. Mtu anayeshika kisu na kupasua tumbo la mwenzake ni lazima ijulikane amesoma wapi, nani alimpima, na akikosa ataitwa mbele ya nani. Mgonjwa hana njia ya kumpima daktari. Akiona koti jeupe huamini. Kwa hiyo ni haki serikali iweke daftari, na asiyeandikwa humo asiguse mgonjwa. Daktari wa uongo ni mwuaji, na twataka ashtakiwe.

Lakini twauliza: je, daftari hilo hutumiwa kwa faida ya nani?

Wazee wetu wayajua mambo haya. Wakati wa ukoloni vijana wa Kenya walikwenda Makerere kusomea udaktari. Walisoma miaka mingi, wakarudi wakapasua, wakazalisha, wakatibu malaria usiku na mchana. Hata hivyo hawakuhesabiwa sawa na daktari aliyetoka Uingereza. Waliitwa Madaktari Wasaidizi, na mshahara wao ulikuwa wa wasaidizi. Mpaka mwaka 1957 ndipo baraza la madaktari la Uingereza lilipoukubali ujuzi wa Makerere. Je, siku moja kabla ya hapo mikono yao ilikuwa haijui kazi? Mikono ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maandishi. Basi na tujifunze: leseni yaweza kumlinda mgonjwa, na leseni hiyo hiyo yaweza kuwa njia ya kununua kazi ya mtu kwa bei ya chini.

Ukoloni uliondoka. Tukapata sheria yetu wenyewe ya madaktari, iliyoanza kutumika mwaka 1978, na Bodi ya kuisimamia. Mwaka 2019 sheria ikabadilishwa na Bodi ikaitwa Baraza. Majina yamebadilika, lakini fundo moja bado halijafunguliwa. Litazameni vizuri.

Kijana amalizapo chuo kikuu bado si daktari kamili. Sheria yamtaka atumike mwaka mmoja hospitalini, akiwa daktari mwanagenzi, chini ya macho ya wakubwa wake, katika wadi za upasuaji, za wazazi, za watoto na nyinginezo. Asipoumaliza mwaka huo haandikwi daftarini kikamilifu. Asipoandikwa hapati leseni ya kufanya kazi peke yake. Na bila leseni hiyo hawezi hata kufungua zahanati yake. Kanuni hii ni njema, nasi twaiunga mkono. Lakini ni nani anayewapangia wanagenzi hospitali? Ni Wizara ya Afya. Ni nani anayetaja malipo yao? Ni serikali hiyo hiyo. Basi aliyefunga mlango ndiye mwenye ufunguo, na ndiye anayetaja bei ya kuingia.

Matunda yake tumeyaona. Mwaka 2017, baada ya mgomo wa siku 100 ambao viongozi wa chama cha madaktari walitiwa jela, serikali ilitia sahihi mapatano, na humo mwanagenzi aliwekewa kiasi cha shs. 206,000 kwa mwezi. Miaka saba baadaye serikali hiyo ikasema italipa shs. 70,000. Mamia ya vijana waliokwisha kufuzu walikuwa wamekaa nyumbani, wakingoja kupangiwa hospitali. Hawakuweza kusema, "Basi nitatafuta kazi kwingine," kwa maana sheria haikuwapa pengine. Madaktari wakagoma siku 56, toka Machi hata tarehe 8 Mei, 2024. Na ilikuwa mwisho wa mwaka ule ndipo serikali ilipokubali tena kuyafuata mapatano iliyoyatia sahihi yenyewe.

Mwingine kati yetu atasema: "Hizo shs. 206,000 ni fedha nyingi. Mimi mfagiaji sizioni hata kwa mwaka." Ndugu, twajua uchungu wako, na mshahara wako twaupigania. Lakini jambo hapa si wingi wa fedha. Jambo ni sahihi. Kama sahihi ya serikali yaweza kufutwa kwa daktari aliyesoma miaka sita, yako wewe itadumu siku ngapi? Mwajiri hufurahi sana anapomwona mfagiaji akimcheka daktari.

Tena watuambia fedha hazipo. Kama hazipo, wamsamehe mgonjwa asiugue. Wagonjwa walala wawili wawili kitandani, na daktari aliyefunzwa yuko kwao akichunga mbuzi. Penye miti hapana wajenzi! Na pale daktari wa kweli anapokosekana, ndipo daktari wa uongo anapofungua duka lake.

Kwa hiyo twadai mambo matatu:

1. Sheria inayomlazimisha kijana kutumika mwaka wa unagenzi, imlazimishe na serikali kumpa nafasi kwa tarehe iliyoandikwa.

2. Malipo yafuate mapatano, wala yasipunguzwe kwa barua ya ofisi.

3. Daftari la madaktari lisiwe fimbo wakati wa ugomvi wa mishahara. Kazi yake iwe moja tu, kumlinda mgonjwa. Na mashtaka ya mgonjwa maskini yasikizwe upesi kama ya tajiri.

Wanachama, lisomeni jambo hili katika matawi yenu. Madaktari wakituita tusimame nao, tusiulize wanalipwa ngapi. Tuulize kama mapatano yamevunjwa.

Umoja ni nguvu.