Namba ya Kompyuta Bila Mtungi wa Maji ni Stori Tu

Wasee, mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kila nikiposti kitu cha uhandisi lazima mtu aulize, "Na digrii yako iko wapi?" Sina. Lakini niko na fremu ya kigari cha kubeba maji, tumeijenga hapa Mbololo, na imenifunza.

Barabara zetu mnazijua. Gurudumu moja likiingia shimoni na matatu yabaki juu, fremu inasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ikisokotwa kila siku, weldi zinapasuka. Sasa fikiria uko kwenye mteremko na mitungi kumi ya lita 20. Hizo ni kilo 200 zinakufuata mgongoni. Hapo si mchezo.

Nikaichora fremu kwenye FreeCAD, hesabu ikapigwa na CalculiX. Zote ni za bure. Mbinu yenyewe ni finaiti elementi: kompyuta inakata fremu vipande vidogo vidogo, inahesabu kila kipande kinavyomvuta jirani yake, halafu inaunganisha yote. Unafunga kona mbili za nyuma, unasokota mbele, unaangalia kona imeshuka kiasi gani.

Ikaniambia milimita 3. Nikajiona injinia. Fundi akakanyaga fremu mara moja tu: "Kijana, hii inacheza."

Tukaipima. Nyuma tukaifunga kwa benchi, mbele tukaiegemeza juu ya nondo katikati, nikatundika mtungi wa lita 20 sentimita 40 kutoka hapo katikati. Mtungi unavuta kama nyutoni 200, kwa hivyo msokoto ni nyutoni-mita 80. Kona ikashuka milimita 7, yaani digrii moja. Ukakamavu wa fremu: 80 kwa kila digrii. Kompyuta ilikuwa imenipa zaidi ya 180!

Ilinidanganya? Hapana, mimi ndo niliidanganya. Niliiambia weldi zimeshika mzunguko wote, kumbe tulikuwa tumezishika nukta nukta tu.

Lakini pia fundi hajui kila kitu. Wengi hufikiri dawa ni chuma kizito. Chukua bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. Lipasue mstari mmoja kwa urefu. Uzito ni uleule, lakini ukakamavu wake ukisokotwa unaanguka karibu mara 270. Ndo maana bomba lililofungwa linashinda chuma cha U. Hiyo huwezi kuiona kwa macho, hesabu ndiyo inakuonyesha.

Msimamo wangu ni huu: fundi anajua fremu inacheza, lakini hana kiasi. Kompyuta ina kiasi, lakini cha fremu uliyochora, si ile iko kwa benchi. Anayemdharau mwenzake hapo ndiye atakayemwaga maji mteremkoni, na pengine damu.

Kwa hivyo wewe uko chuoni na laptopu, au uliacha kama mimi, tembelea jua kali iliyo karibu na kwenu. Chora wanachojenga. Kisha pima.

Na kama unanipinga, karibu sana. Lakini kuja na mtungi.