Mashine Imenunuliwa, Fundi Je?

Tuanze na swali jepesi. Mtu akinunua kerezo leo, ile mashine ya kukerezea miguu ya vitanda, nguzo za ngazi na mabakuli ya mti, je, kesho asubuhi tumwite mkerezaji? Wengi mtasema hapana, tena mtacheka. Lakini wanachuo wenzangu, tuambiane ukweli: tunaishi kana kwamba jibu ni ndiyo. Boom likiingia, mtu ananunua kamera, na kabla wiki haijaisha jina lake mtandaoni limeshaongezewa "mpiga picha". Mwingine ana laptopu yenye programu ya kuchanganya muziki, basi yeye ni prodyuza. Siwasemi vibaya, kila mtu anaanzia mahali. Ila swali hili la kerezo si la maseremala peke yao. Sisi tunaosomea ualimu linatugusa kuliko wengi, kwa sababu nchi imeamua kurudisha ufundi madarasani, na sisi ndio tutakaokabidhiwa funguo za karakana.

Kwanza tuisikilize lugha yetu wenyewe. Aliye na mashine Kiswahili kinamwita mwenye mashine. Anayekereza kinamwita mkerezaji. Neno la kwanza linahitaji risiti tu. La pili limezaliwa na kitenzi, na ile "-ji" ya mwisho hubeba mazoea: msomaji, mwimbaji, mchezaji, ni mtu anayelifanya jambo tena na tena. Aliyeimba mara moja kwenye harusi ya dada yake hatumwiti mwimbaji, hata kama kipaza sauti kilikuwa chake. Halafu sikiliza maneno fundi, kufunda, kufundisha, mafunzo, mwanafunzi. Yanasikika kama ndugu wa tumbo moja. Fundi ni mtu aliyefundwa. Dukani hakuna anayefundwa, dukani watu wanauziwa.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe. Kwenye msumeno au randa, chombo ndicho kinachotembea na mti umetulia. Kwenye kerezo mambo yamegeuzwa: mti unazunguka, patasi inakaa juu ya egemeo mikononi mwa mtu. Inaonekana tofauti ndogo, kumbe kazi yote iko hapo. Chukua mashine inayozunguka mara 1000 kwa dakika. Ukifunga mti wa tendegu la kitanda wenye unene wa sentimita 5, uso wake unapita mbele ya patasi kwa mita 2.6 hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Ukiondoa huo ukafunga gogo la bakuli lenye upana wa sentimita 30, bila kugusa kitu kingine chochote, ukingo wake unakwenda karibu mita 16 kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya kilomita 56 kwa saa, daladala iliyokuta barabara haina foleni.

Swichi ni ile ile. Mashine haijui umeifunga nini. Mwenye mashine anajua kuwasha. Mkerezaji anajua kwamba kabla ya kuwasha apunguze mwendo, alizungushe gogo kwa mkono aone kama linagonga egemeo, akunje mikono ya shati, halafu asimame pembeni, asikae usawa wa mahali gogo litakaporukia likichomoka.

Na hapo hatujafika kwenye kukata. Fundi anatanguliza mgongo wa patasi uguse mti kwanza, halafu anainua mkono polepole mpaka makali yaanze kuchukua. Ukitanguliza ncha, mti unaidaka patasi na kuitupa, au unararuka. Bobari, ile patasi yenye mdomo wa mviringo, inakuwa butu upesi, kwa hiyo mtu anakwenda kwenye kinoo mara nyingi kwa siku, na kunoa ni somo linalojitegemea. Mti nao una tabia zake. Bakuli likikerezwa mti ukiwa bado mbichi, likikauka linakuwa na umbo la yai, kwa sababu mti haunywei sawasawa pande zote. Mambo hayo huwezi kuyakuta kwenye sanduku la mashine, hata ukisoma kitabu cha maelekezo mpaka jalada la nyuma.

Ndiyo maana mimi napenda kipimo cha tendegu la nne. Kitanda kina matendegu manne. La kwanza linaweza kutoka zuri kwa bahati: mti ulikuwa mwema, mkono ulitulia, mungu alikuwa upande wako. Kwa hilo moja utapiga picha na utapata sifa. Kazi inaanza pale mteja anapotaka la pili lifanane na la kwanza, shingo mahali pale pale, tumbo lina unene ule ule, halafu la tatu, halafu la nne, na kitanda kisimame bila kuyumba. Anayeweza hivyo ni mkerezaji, awe na mashine au asiwe nayo. Asiyeweza ni mwenye mashine, na hakuna ubaya katika kuwa mwenye mashine ili mradi mtu asijiuze kwa jina lingine.

Mwingereza mmoja, David Pye, aliyekuwa profesa wa ubunifu wa samani London na mchongaji mzuri tu yeye mwenyewe, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1968. Alitenganisha ufundi wa namna mbili. Upo ule ambao matokeo yameshapangwa kabla ya kazi kuanza, kama kiwandani panapotolewa vitu elfu kwa kalibu moja. Na upo ule ambao kazi inaweza kuharibika dakika yoyote, na kinachoiokoa ni uangalifu na mkono wa anayeifanya. Kukereza kwa mkono ni huu wa pili. Kufundisha darasa la watoto tisini, nadhani mtakubaliana nami, ni huu wa pili pia.

Najua hoja itakayoletwa: bila mashine mtu atajifunzia wapi? Hoja hiyo ina uzito. Aliye na mashine yake anaweza kuharibu mbao saa nne usiku bila kufokewa na mtu. Asiye nayo anasubiri zamu. Kwa hiyo simwambii mtu asinunue. Lakini angalieni karakana za samani, kwa mfano pale Keko. Mashine ni ya tajiri, anayekereza ni kijana anayelipwa kwa kipande. Ukitaka miguu ya meza, tajiri mwenyewe anakwambia "msubiri fundi". Yeye anajua vizuri kabisa nani ni nani.

Na historia inasema hivyo hivyo. Pwani yetu ilikuwa na vitanda vyenye matendegu ya kukerezwa kabla ya umeme kufika. Chombo kilizungushwa kwa kamba, mmoja akivuta na mwingine akikata. Kule Uingereza, kwenye misitu ya Chiltern karibu na mji wa High Wycombe, mafundi walikuwa wakikereza miguu ya viti ndani ya msitu kwa kerezo la mti uliopindwa, kamba na kanyagio la mguu, mpaka karne ya 20. Kerezo la namna hiyo mtu aliweza kuliunda mwenyewe pale pale. Mashine ilikuwa rahisi, mkono ndio uliokuwa ghali.

Hoja ya pili ni kali zaidi: nani anaamua fulani ni fundi na fulani siye? Hapa tuwe waangalifu, maana jibu la haraka ni "mwenye cheti", na cheti nacho ni kitu cha kumilikiwa kama kerezo. Wakerezaji wa London walipewa hati ya mfalme mwaka 1604, wakapata nguvu ya kusimamia kazi yao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1563 ilikuwa imeshataka mtu akae miaka saba chini ya fundi kabla ya kujitegemea, na sharti hilo liliondolewa mwaka 1814. Mpango kama huo ulilinda ubora, na pia ulifungia wengi nje ya mlango. Kwetu hapa VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa kazi yake, akifaulu anapewa cheti bila kuambiwa arudi kuanza moja. Huo naona ndio mwelekeo. Kazi inatangulia, karatasi inafuata.

Sasa turudi shuleni, maana huko ndiko kidonda kilipo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na utekelezaji ulianza mwaka 2024. Mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Na si wazo geni: Mwalimu Nyerere alishaandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na miaka ya 1970 sekondari zetu zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Kwa hiyo tumeshawahi kuwa na karakana. Tujiulize kwa nini tunazijenga upya.

Nilipokwenda BTP, shule niliyopangiwa, ambayo sitaitaja, ilikuwa na karakana yenye kerezo. Limefunikwa turubai. Wageni wakija turubai linatolewa, wakiondoka linarudishwa. Mbao za mazoezi hazikuwemo kwenye bajeti. Kinoo hakikuwepo. Mwalimu aliyepewa somo ni mtu wa fizikia, mwalimu hodari kweli, ila aliambiwa tu "wewe si unajua mambo ya mashine". Nje ya uzio, hatua chache kutoka getini, kulikuwa na fundi anayekereza miguu ya meza kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa mashine ya kuungaunga ya mota na mkanda. Muda wote niliokuwa pale hakuitwa hata siku moja, kwa sababu hana shahada. Na kwenye fomu ya taarifa ya shule, penye swali la vifaa vya ufundi, iliandikwa neno moja: vipo.

Hilo "vipo" ndilo linaloniumiza. Si uongo. Kerezo lipo. Lakini wahenga walishasema, si kila mwenye makucha huwa simba. Watoto wale watamaliza kidato cha nne wakiwa wamesoma amali kwenye shule yenye kerezo, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amesikia patasi ikitulia mkononi mwake. Wakifika mtaani wakashindwa, tutasema vijana wa siku hizi hawapendi kazi za mikono.

Tunaweza kudai nini? Naona mambo matatu, na yote tunaweza kuyasemea hata tukiwa bado chuoni. La kwanza, kila fedha ya mashine ifuatane na fedha ya mbao, ya kinoo, ya umeme na ya matengenezo. Mashine bila mbao ni fenicha. La pili, mafundi wa mtaani waruhusiwe kufundisha karakanani wakiwa pamoja na mwalimu. Fundi anajua kukata, mwalimu anajua kupanga somo na kumlinda mtoto asiumie. Kila mmoja ana nusu yake. La tatu ni letu sisi: anayetaka kufundisha amali akae kwanza karakanani chini ya fundi, miezi na si siku mbili za ziara, kabla ya kusimama mbele ya watoto. Serikali yetu ya wanafunzi inaweza kulipeleka hili kwenye kitivo muhula huu. Haligharimu hata tofali moja.

Jamani, hili la tatu najua litawaudhi wengine. Tumesoma, tumelipa ada, tunadaiwa mkopo, halafu tukakae chini ya mtu aliyeishia darasa la saba? Ndiyo, tukakae. Shahada ya ualimu ni kerezo letu. Siku ya mahafali tutakabidhiwa mashine, nzuri tu, ya gharama. Itatufanya wenye mashine. Ualimu utakuja kwa kufundisha kipindi cha pili, cha tatu na cha nne, mbele ya watoto wasiofanana, mada ile ile ikaeleweka kila mara, na kwa kukubali kufundwa na anayejua tusichojua.

Na ile fomu ya taarifa ya shule ibadilishwe. Paondolewe swali la kama kerezo lipo au halipo. Pawekwe hili: mwaka huu ni wanafunzi wangapi wamekereza matendegu manne yanayofanana, na kitanda chenyewe kiko wapi tukakione.