Diski Moja Ikikufa, Weka Bisibisi Chini Kwanza

Wasee, kuna kitu nikisema mafundi wa kompyuta hunikasirikia, lakini nitasema tu. Siku diski moja ya seva yako ikikufa, ya kuogopa si ile iliyokufa. Ni ile imebaki.

Naongea na nyinyi mnaoshuti harusi, ruracio na video za muziki, mkirudi nyumbani mnamwaga kila kitu kwa kakompyuta ka Linux kenye diski mbili pacha kako chini ya meza. Mfumo wenyewe hauna uchawi. Unaitwa RAID 1: kila kinachoandikwa kwa diski ya kwanza kinaandikwa pia kwa ya pili, wakati huo huo. Jina RAID lilitokana na makala ya 1988 ya Patterson, Gibson na Katz, watafiti wa Berkeley kule Marekani, na hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu zikishikana zinaweza kushindana na moja kubwa ya bei ghali. Leo hauhitaji hata kadi maalum. Linux inafanya hiyo kazi yenyewe, na programu ya kuisimamia, mdadm, ni ya bure.

Shida ni kwamba inafanya kazi poa sana. Diski moja ikikufa, hakuna kitu utaona. Faili zinafunguka, unaedit, klayenti anapata kazi yake, maisha yanasonga. Unaweza kukaa miezi hivyo. Andika tu cat /proc/mdstat uone: [UU] ni kwamba zote mbili ziko sawa, [U_] ni kwamba unatembea kwa mguu mmoja. Fanya hivyo leo kabla hujamaliza kusoma hii. mdadm inaweza kukutumia barua pepe diski ikianguka, lakini lazima mtu aiambie barua iende wapi, na kwa mashine nyingi za nyumbani hakuna aliyewahi kuiambia.

Sasa umeona [U_]. Moyo unadunda. Wengi hapo wanakimbia kuzima mashine, wanafungua kava, wanachomoa diski yenye wanafikiria ndiyo mbaya. Manze, tulia. Hizo diski mbili zinafanana kama mapacha kweli: kampuni moja, rangi moja, zimekaa zikipakana. Na majina sda na sdb si ya kuamini, kwa sababu Linux inayagawa upya mashine ikiwaka na yanaweza kubadilishana. Kitu hakibadiliki ni nambari ya seriali iliyo kwenye stika. Kwa hivyo kabla ya kuzima chochote, andika lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL na uandike nambari kwa karatasi. Kama diski iliyokufa imekufa kabisa na haionekani, usijali: andika nambari ya iliyo hai. Yenye stika hiyo haiguswi. Ile ingine ndiyo inatoka.

Na usidhani hii ni presha ya watoto wa bedsitter peke yao. Tarehe 31 Januari 2017 kule GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu dunia nzima, mhandisi aliyekuwa anapambana na databesi usiku alifuta folda ya data akidhani yuko kwa seva ya pili, ile ya akiba. Kumbe alikuwa kwa seva kuu. Alipositisha, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Bekapu walizokuwa wanategemea zikagoma, na kilichowaokoa ni nakala ambayo ilikuwa imechukuliwa kwa mkono kama saa sita hivi kabla. Hiyo haikuwa diski kufa, lakini mtego ni ule ule. Vitu viwili vinavyofanana, mtu amechoka, mkono ukaenda kwa kile kizuri.

Hapa sasa ndipo tunagombana na mafundi. Wao husema: nunua diski mpya mbio, weka, acha ijijenge. Mimi nasema hapana, kopi kwanza. Tena usianze na zile sinema umedownload. Anza na kazi ya watu ambayo haiko mahali pengine popote.

Sababu yangu ni hii. Ukiweka diski mpya, mdadm haijui faili ni nini. Inasoma diski iliyobaki kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu tupu, na kunakili kila kitu. Diski ya TB 4 ikisomwa kwa MB 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa saba za kazi ngumu bila kupumzika. Na diski hiyo iliyobaki, kumbuka, kwa kawaida ulinunua siku moja na ile imekufa, zimefanya kazi masaa yale yale, zimepigwa na joto moja na kukatwa stima pamoja. Ikianguka saa ya sita, harusi ya mtu imeenda. Lakini ukianza kwa kukopi zile GB 200 muhimu kwa diski ya nje, hiyo ni chini ya saa moja kama kebo yako ni nzuri. Baadaye hata kama mambo yataharibika, utapoteza sinema.

Ndiyo, kukopi nako kunaichosha diski. Fundi yuko sahihi hapo. Ila kuna tofauti ya kuichosha kwa kitu unachohitaji na kuichosha kwa nafasi tupu.

Ukishakopi, kubadilisha kwenyewe si kazi. Ile mbaya inaondolewa kwa mdadm /dev/md0 --remove, mpya inawekwa na kugawanywa vile vile kama iliyo hai (angalia mara mbili unanakili ramani kutoka gani kwenda gani), halafu --add. Mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, hata kidogo. Na kama mashine inawakia kwa hizo diski, rudisha GRUB kwa mpya pia, juu siku ile ingine itakufa mashine itakataa kuwaka na utadhani umerogwa. Kama diski ni mgonjwa tu, haijakufa, na uko na nafasi ya kuchomeka ya tatu, usiitoe kwanza. Kuna --replace, ambayo inajenga mpya wakati zile mbili bado ziko kazini.

Kuhusu kununua: ukienda Luthuli usichukue pacha tena kwa sababu zinapendeza zikikaa pamoja. Chukua kampuni tofauti. Ukiuziwa ya mtumba, omba kuangalia kwa smartctl imefanya kazi masaa mangapi. Muuzaji akikataa, jibu umeshapata.

Halafu ile maiti. Watu huitupa, au wanampea fundi wa simu atoe sumaku. Hii ilikuwa diski pacha, buda. Haina nusu ya data yako, ina yote: picha za bibi harusi, vitambulisho vya watu, mikataba. Diski inaweza kukataa kwa mashine yako na ikasomeka kwa mtu mwingine mwenye vifaa. Tangu 2019 Kenya iko na sheria ya kulinda data, na hizo sura si zako kuzigawa. Toboa na drili, sahani zenyewe zitoboke, mashimo matatu manne, ndiyo uitupe.