Picha ya nyumba siyo nyumba: omba na vipimo vyake

Ndugu zetu mnaofanya kazi saiti hapa London mnazijua zile picha kubwa zinazobandikwa kwenye uzio: jua la jioni, miti ya kijani, familia inatabasamu kwenye roshani. Jengo lenyewe bado ni shimo. Je, mmewahi kumwona fundi akipima msingi kwa kuangalia picha ile? Anafungua michoro.

Sasa mbona tukitumiwa picha kama hiyo kwa WhatsApp kutoka Nairobi au Dar, tunatuma malipo ya kwanza siku hiyohiyo?

Tuelewane picha hiyo inavyotengenezwa. Msanifu anajenga modeli ya nyumba ndani ya programu kama Revit au Archicad: ukuta, mlango, paa, kila kimoja na vipimo vyake. Kisha programu kama Enscape au Lumion inaongeza mwanga, nyasi, magari na watu, mpaka udhani imepigwa na kamera. Jua linapangwa kwa kubofya tu. Hata barabara ya lami inawekwa pale ambapo leo kuna mfereji wa maji ya mvua. Huo si utapeli. Utapeli unaanza picha inapogeuzwa kuwa ahadi.

Sisi wahasibu tunatazama jambo jingine. Modeli ileile iliyotoa picha inaweza kutoa idadi ya milango na madirisha, eneo la kuta na ujazo wa zege. Mkadiriaji majenzi anaweka bei, hesabu inakamilika. Kwa hiyo muuzaji mwenye picha kali lakini vipimo "bado", mwulize kwa nini. Huenda modeli haipo kabisa, na picha ni ya kuazima.

Kabla hujatuma hata pauni moja, omba vitu vitatu: michoro iliyoidhinishwa na kaunti au halmashauri, mchanganuo wa vifaa na gharama, na namba ya usajili ya mkandarasi. Namba hiyo ihakikiwe NCA kwa Kenya, au CRB kwa Tanzania. Halafu lipa kwa hatua: msingi, linta, kupaua. Kila hatua, mtu unayemwamini afike saiti kwanza, ndipo utume.

Wewe unayeamka saa kumi alfajiri kwenda kusafisha nyumba za watu, pesa hiyo ni jasho lako. Muuzaji akinuna kwa kuulizwa vipimo, mwachie picha yake.