Gari Kuukuu
Mwaka 2009 Uingereza, serikali na watengenezaji walimlipa pauni 2,000 mwenye gari la miaka kumi na zaidi aliyekubali livunjwe, kwa sharti anunue jipya. Hebu niulize: asiyeweza kununua jipya alipata nini? Aliongezewa mwenye nacho.

Kwetu Afrika Mashariki hata fedha hizo hakuna, katazo tu. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Uganda, tangu 2018, lililofika 15.

Gari langu limewazidi umri walimu wa mwisho niliowafunza chuoni. Linatoa moshi, sikatai. Lakini ndilo lililobeba karafuu zetu hadi Wete, na usiku mmoja mwanamke mwenye uchungu hadi hospitali ya Chake Chake. Anayetaka nilivunje, na aje na jengine kwanza.