Redio ya jamii, lakini kwa lugha ipi?

Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, wengi wetu tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam na idhaa chache za nje. Sheria ilipofungua milango, vituo vingi vilikimbilia mijini, kwenye matangazo ya biashara. Ndiyo maana Orkonerei FM ya Terrat, Simanjiro, ina uzito wake: wafugaji wa Kimaasai wa nyika kame walianzisha redio yao mwanzoni mwa miaka ya 2000, izungumzie malisho, maji na mifugo.

Lakini kanuni za maudhui zinataka kituo kitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa kiwe na kibali maalumu. Hofu iliyopo nyuma yake si ya kubezwa. Mwaka 1994, RTLM ya Rwanda ilichochea mauaji kwa lugha ya nyumbani.

Hata hivyo, tuangalie Mkula, wilayani Busega. Mkulima mzee wa pamba anayejua Kisukuma zaidi ya Kiswahili akikosea kipimo cha dawa ya wadudu, hasara ni yake, na pengine afya yake pia. Kijana wake atamtafsiria, ikiwa yuko nyumbani.

Tunaona kibali hicho kingerahisishwa kwa vipindi vya kilimo, afya na tahadhari, virekodiwe na kuhifadhiwa ili mamlaka iweze kuvikagua. Siasa zibaki kwa Kiswahili.